Imani na Ukweli Kuhusu Lifti: Maneno, Uvumi na Usalama katika Majengo ya Ofisi Mjini Goma

1.0 Utangulizi

Goma si mji wa maghorofa marefu. Ardhi yake ni mawe ya volkeno, na nyumba nyingi za wakazi wake ni za chini, zikiwa zimejengwa kwa mbao au kwa matofali. Hata hivyo, baada ya mlipuko wa Nyiragongo wa tarehe 17 Januari 2002, ulioangamiza sehemu kubwa ya katikati ya mji, majengo mapya ya ofisi, ya hoteli na ya biashara yalianza kuinuka, na baadhi yake yakatiwa lifti. Kwa sababu hiyo mkazi wa Goma huweza kufikia utu uzima kabla ya kuingia katika chombo hicho kwa mara ya kwanza. Anapoingia, huwa amekwisha kusikia mengi: kwamba kamba ikikatika watu wote hufa, kwamba anayejua kuruka kwa wakati wake huokoka, kwamba umeme ukizimika hewa huisha, na kwamba ipo namna ya kufinya vitufe ili lifti isisimame njiani.

Makala haya yanakusudia kufanya mambo matatu. Kwanza, yanaeleza majina ambayo wasemaji wa Kiswahili wamekipa chombo hicho na mkanganyiko unaotokana nayo. Pili, yanapima imani zilizo maarufu kwa kuzilinganisha na jinsi lifti inavyofanya kazi. Tatu, yanaonyesha kwamba hatari iliyo kubwa haimo katika yale yanayoogopwa zaidi, na kwamba lugha ina nafasi katika kuizuia.

2.0 Majina ya chombo na hesabu ya ghorofa

Katika Kiswahili sanifu jina lililoenea ni lifti, kutoka Kiingereza. Neno hilo lina maana mbili: chumba kinachopandisha na kushusha watu katika jengo, na msaada wa kusafirishwa bure katika gari la mtu mwingine. Maneno mengine, kama vile kambarau na eleveta, nayo yamewahi kutumika, lakini hayakuweza kuliondoa lifti midomoni mwa watu. Mjini Goma, ambako Kifaransa ndiyo lugha ya ofisi, wengi hutumia jina la Kifaransa likiwa limetamkwa kwa sauti za Kiswahili, yaani asansere. Vivyo hivyo ghorofa huitwa etaji, na mtu habonyezi kitufe bali hufinya butoni. Tofauti hizi si kasoro. Ni matokeo ya kawaida ya lugha moja kukaa jirani na lugha tofauti za utawala.

Mkanganyiko halisi umo katika hesabu. Neno ghorofa lina asili ya Kiarabu, na huko maana yake ni chumba. Kiswahili kimelitumia hasa kwa sehemu ya nyumba iliyo juu ya sehemu ya chini. Ndiyo maana nyumba isiyo na sehemu ya juu haiitwi nyumba ya ghorofa. Kwa mantiki hiyo, ghorofa ya kwanza ni ile ambayo mtu huifikia baada ya kupanda ngazi za mwanzo. Hesabu hii inapatana na ya Wafaransa, Wabelgiji na Waingereza, ambao huipa sehemu ya chini jina la pekee na kuanza kuhesabu juu yake. Wamarekani na Wachina, kwa upande wao, huiita sehemu ya chini ghorofa ya kwanza.

Basi lifti iliyotengenezwa kwa kufuata desturi moja inapowekwa katika jengo linalofuata desturi nyingine, vitufe hutofautiana na maneno ya watu. Mgeni aliyeelekezwa “etaji ya pili” hukuta kitufe 0 au 1, au herufi ya kigeni, katika nafasi ya chini kabisa, naye huteremka mahali pasipo pake. Siku ya kawaida hasara yake ni dakika chache tu. Siku ya ajali, mtu aliyenaswa akipiga simu na kusema kwamba yuko “ghorofa ya tatu”, waokoaji wanaweza kukimbilia ghorofa isiyo yake.

3.0 Imani ya kwanza: kamba ikikatika

Hofu iliyo kubwa kuliko zote ni ya kamba kukatika. Hofu hii ina historia. Kabla ya katikati ya karne ya 19, vyombo vya kupandishia mizigo vilianguka kweli kamba zake zilipokatika, na watu hawakuthubutu kuvipanda. Mnamo 1854, katika maonyesho ya New York, fundi Elisha Otis alisimama juu ya jukwaa lililoning'inizwa kwa kamba, kisha akaamuru kamba ikatwe mbele ya watazamaji. Jukwaa liliteremka kidogo tu, likakwama, kwa sababu meno ya chuma yaliyosukumwa na springi yalizishika reli za pembeni. Tarehe 23 Machi 1857 lifti ya abiria ya kampuni yake ilianza kazi katika duka la Haughwout, jijini humo. Lifti ya kwanza ya umeme ilionyeshwa na Werner von Siemens mjini Mannheim, Ujerumani, mwaka 1880. Afrika Mashariki nayo haikuchelewa sana: jumba la Beit al-Ajaib la Zanzibar, lililojengwa mwaka 1883 zama za Sultani Barghash na ambalo sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020, hutajwa kuwa miongoni mwa majengo ya mwanzo ya kanda hii kuwekewa lifti.

Lifti ya ofisi ya leo haishikiliwi na kamba moja. Hushikiliwa na kamba kadhaa za chuma, na kanuni za Ulaya zinadai kwamba pale zilipo kamba tatu au zaidi, nguvu yake iwe angalau mara 12 ya mzigo zinaoubeba. Zaidi ya hayo, kipo kidhibiti mwendo. Chumba kikishuka kwa kasi inayozidi ile ya kawaida kwa kiwango kilichowekwa, ambacho ni angalau asilimia 15, kifaa hicho huzivuta taya za chuma zilizo chini ya chumba, nazo huzing'ata reli. Mwendesha chukudu anayeteremka mlima hukanyaga kipande cha mpira juu ya gurudumu la nyuma ili kupunguza mwendo. Kidhibiti cha lifti hufanya kazi ya namna hiyo hiyo, ila hakingoji mguu wa mtu yeyote.

Jambo la pili ambalo wengi hawalijui ni kwamba chumba cha lifti ya kamba kimo katika mizani. Kamba hupita juu ya kapi, na upande wa pili hufungwa uzito wa kusawazisha. Kwa kawaida uzito huo ni sawa na uzito wa chumba kitupu pamoja na karibu nusu ya mzigo kinaoruhusiwa kubeba. Tuseme chumba kina kilo 800 nacho huruhusiwa kubeba kilo 630. Uzito wa kusawazisha utakuwa kama kilo 1,115. Chumba hicho kikiwa kitupu, ni chepesi kuliko uzito ule kwa kilo 315. Breki ikilegea, chumba kitupu hakitaanguka, bali kitapanda. Kwa hiyo picha ya lifti inayoporomoka kama jiwe kisimani hailingani na umbile la chombo chenyewe.

Je, haijapata kutokea? Imetokea, lakini kwa sababu zisizo za kawaida. Tarehe 28 Julai 1945 ndege ya kijeshi ililigonga jengo la Empire State mjini New York katika ukungu. Mhudumu wa lifti, Betty Lou Oliver, ambaye alikuwa amekwisha kujeruhiwa, aliwekwa katika lifti nyingine ili ateremshwe. Kamba za lifti hiyo zilikuwa zimeharibiwa na ajali, zikakatika, naye akaanguka ghorofa 75. Aliokoka. Hudhaniwa kwamba hewa iliyobanwa chini ya chumba na kamba zilizojikunja shimoni zilipunguza pigo. Kisa hicho hukumbukwa mpaka leo kwa sababu ni cha nadra, na ilihitajiwa ndege ili kitokee.

Ama kuhusu kuruka wakati chumba kinapokaribia chini, hesabu inatosha kuiondoa imani hiyo. Kitu kikianguka mita 20 bila kizuizi hufika chini kwa mwendo wa karibu kilomita 71 kwa saa. Mtu mwenye nguvu za wastani akiruka hujipa mwendo wa kama kilomita 9 kwa saa. Hata kama angeruka katika nukta ile ile inayofaa, angebakiwa na mwendo wa kilomita 62. Na aliye ndani ya chumba kilichofungwa hana njia ya kuijua nukta hiyo.

4.0 Imani ya pili: siri za vitufe

Imani za kundi la pili si za hofu bali ni za ujanja. Watu huambiana kwamba anayefinya kitufe cha kufunga mlango pamoja na namba ya ghorofa yake, akavishikilia vyote viwili, husafiri moja kwa moja bila lifti kuwasimamia wengine. Ukweli ni kwamba lifti nyingi zina njia ya kuwatumikia watu maalumu, kama vile wazimamoto au wabebaji wa wagonjwa, lakini njia hiyo kwa kawaida hufunguliwa kwa ufunguo au kadi. Mtu aliyebahatika kufika bila kusimama katika saa isiyo na watu huamini kwamba vidole vyake ndivyo vilivyotenda. Akijaribu tena na lifti ikasimama, husema kwamba hakufinya vizuri. Imani ya namna hiyo haiwezi kushindwa, kwa kuwa kila matokeo huithibitisha.

Wengine hushikilia kinyume chake, yaani kwamba kitufe cha kufunga mlango ni pambo tupu. Jambo hili ni kweli mahali fulani na si kweli mahali pengine. Nchini Marekani, sheria ya mwaka 1990 ya kulinda haki za watu wenye ulemavu ilileta masharti kwamba mlango ukae wazi kwa muda wa kumtosha mtu mwenye gongo au kiti cha magurudumu. Kwa sababu hiyo, katika lifti nyingi za huko, kitufe hicho hakifanyi kitu kabla ya muda huo kwisha. Nje ya Marekani kitufe kama hicho huweza kufanya kazi mara moja, kulingana na jinsi fundi alivyokipanga. Mwanasaikolojia Ellen Langer, katika utafiti alioutoa mwaka 1975, alionyesha jinsi binadamu anavyojidhania kuwa na mamlaka juu ya mambo yanayoendeshwa na bahati. Kufinya kitufe mara kumi ni mfano ulio karibu: ombi la kwanza likishapokelewa, tisa yaliyobaki hayaongezi chochote.

Upo pia ujanja unaomdhuru mwenyewe. Katika ukumbi wa lifti huwapo vitufe viwili, cha kupanda na cha kushuka. Mwenye haraka huvifinya vyote viwili. Lakini lifti nyingi hukusanya maombi ya upande mmoja kwanza, ndipo zigeuke. Anayetaka kushuka akifinya vyote viwili, lifti inayopanda humsimamia bure, na inaporudi humsimamia tena. Hivyo huwachelewesha waliomo ndani bila yeye kufika upesi zaidi.

Hapa inafaa kutaja hekaya moja inayopendwa na walimu wa uongozi wa biashara. Husimuliwa kwamba wapangaji wa jengo fulani walilalamika kuwa lifti ni za polepole. Mwenye jengo, badala ya kununua mpya, akaweka vioo ukumbini, watu wakawa wanajitazama, na malalamiko yakaisha. Mwanafunzi wa fasihi simulizi atatambua alama za hadithi ya mdomo: jengo halina jina, mwaka hautajwi, na kila msimulizi huongeza lake. Hata hivyo hekaya haidumu bila kuwa na chembe ya ukweli. Anayengoja bila kazi huona muda ni mrefu kuliko ulivyo.

5.0 Imani ya tatu: umeme na hewa

Goma ni mji unaojua kukatika kwa umeme. Mwishoni mwa Januari 2025, katika siku za mapigano ya kuugombania mji, wakazi walikaa bila umeme wala maji kwa siku kadhaa. Ni jambo la kueleweka basi kwamba wengi huamini umeme ukizimika lifti huanguka. Ukweli ni kinyume. Breki ya lifti haifungwi na umeme, hufunguliwa nao. Umeme unapopita, huzivuta springi na kuiachia kapi izunguke. Umeme unapokatika, springi huibana breki zenyewe, na chumba husimama pale kilipo. Kuzimika kwa umeme humnasa abiria, hakumwangushi.

Aliyenaswa hufikiri kwamba atakosa pumzi. Chumba cha lifti si chungu kilichofunikwa. Kina matundu ya kupitishia hewa, na milango yake haizibi kabisa. Mnamo Oktoba 1999 mtu mmoja alinaswa katika lifti ya jengo la ofisi mjini New York kwa saa 41, mwishoni mwa juma, bila chakula wala maji. Alitoka akiwa hai. Kinachompata mtu ndani ya chumba kilichosimama ni joto, giza na woga, na woga ndio unaomfanya apumue kwa haraka na kudhani kwamba hewa imekwisha.

6.0 Hatari iliyopo kweli

Kama kamba hazikatiki ovyo, breki hujibana zenyewe na hewa haiishi, hatari iko wapi? Iko katika mlango. Chumba kinaposimama kati ya ghorofa mbili, sakafu yake haiwi sawa na sakafu ya ukumbi. Watu hufungua milango kwa nguvu na kuanza kutoka. Sakafu ya chumba ikiwa juu kuliko sakafu ya ukumbi, chini yake hubaki uwazi unaoingia katika shimo la lifti. Anayeruka na kupoteza mizani huweza kurudi nyuma na kutumbukia humo.

Hatari hiyo huongezeka zaidi mahali ambapo umeme hukatika na kurudi mara kwa mara. Majengo mengi ya ofisi yana jenereta, na baadhi ya jenereta hujiwasha zenyewe. Lifti iliyotunzwa vizuri haiondoki mlango ukiwa wazi, kwa sababu mlango una swichi ya kuizuia. Lakini lifti iliyozeeka, au ile ambayo swichi zake zimeunganishwa kiholela ili “ifanye kazi tu”, huweza kuondoka ghafula wakati mtu akiwa nusu ndani na nusu nje. Hofu ya kuanguka, ambayo haina msingi mkubwa, humsukuma mtu kuingia katika hatari ambayo msingi wake ni thabiti. Hapa ndipo uvumi unapoacha kuwa mazungumzo ya kupitisha muda.

Kanda ya Goma ina mambo mengine mawili ya kuongeza. La kwanza ni tetemeko. Nyiragongo ilipolipuka tarehe 22 Mei 2021, ardhi ilitetemeka kwa siku kadhaa, na tarehe 27 Mei mamlaka iliamuru mitaa 10 ya mji ihamishwe. Wakati wa tetemeko reli za lifti huweza kupinda na uzito wa kusawazisha kutoka katika njia yake. Kwa hiyo ngazi ndiyo njia ya kutokea, si lifti, kama ilivyo wakati wa moto.

La pili ni mazuku, yaani hewa mbaya itokayo ardhini, neno ambalo wanasayansi wa volkeno ulimwenguni wamelichukua kutoka kanda hii. Mazuku ni gesi ya kaboni iliyo nzito kuliko hewa ya kawaida. Hukusanyika mabondeni na mashimoni, nayo huua wanyama na watu. Shimo la lifti huteremka chini ya sakafu ya mwisho ya jengo. Mahali palipojulikana kuwa na mazuku, sehemu hiyo inastahili kutiliwa shaka kama shimo lingine lolote: fundi asishuke humo kabla hewa haijapimwa. Abiria aliye juu anaogopa kukosa hewa bila sababu. Fundi aliye chini anaweza kuwa na sababu asiijue.

7.0 Kazi ya lugha

Vibao vya maelezo katika lifti huja pamoja na chombo kutoka kiwandani, vikiwa vimeandikwa kwa Kifaransa, Kiingereza au Kichina. Mlinzi wa mlangoni, mfanya usafi, mwananchi aliyekuja kufuatilia karatasi zake: hao ndio ambao kibao huwapita. Hata maandishi “watu 8, kilo 630” huhitaji ufafanuzi, kwa sababu hesabu hiyo huchukulia kila mtu kuwa na kilo 75 bila gunia wala sanduku. Mtu mmoja akiingia na mifuko miwili ya saruji ya kilo 50 kila mmoja amekwisha kuchukua nafasi ya zaidi ya watu wawili.

Tangazo la Kiswahili linalofaa halina budi kuwa na sifa nne. Liwe fupi. Litumie hali ya kuamuru. Litaje jina sanifu pamoja na lile linalotumiwa na wenyeji. Lianze na lile ambalo mtu aliyeingiwa na woga angependa kulifanya, kisha limkataze. Mfano wake ni huu:

“Lifti (asansere) ikisimama njiani: Usifungue mlango kwa nguvu. Usitoke kabla fundi hajafika. Lifti haianguki umeme ukizimika. Hewa ipo ya kutosha. Finya kitufe chenye alama ya kengele, kisha ngoja. Ukipiga simu, taja jina la jengo na namba iliyoandikwa ndani ya lifti. Wakati wa moto au tetemeko, tumia ngazi.”

Itaonekana kwamba tangazo hilo halimwombi mtu aseme yuko ghorofa ya ngapi. Mkanganyiko ulioelezwa katika sehemu ya pili umeepukwa kwa kuipa kila lifti namba yake. Aidha, kitenzi kufinya kimechaguliwa mahali pa kubonyeza, kwa sababu tangazo la hatari halipaswi kuwa mahali pa kumfundisha msomaji msamiati mpya.

8.0 Hitimisho

Imani kuhusu lifti hazitokani na ujinga. Zinatokana na hali ya mtu kufungiwa ndani ya chombo ambacho hakioni kinavyofanya kazi, na kila anapokosa maelezo huyaunda mwenyewe. Zipo zisizodhuru, kama ujanja wa vitufe viwili. Zipo zinazoua, kama ile inayomwambia aliyenaswa kwamba asipotoka upesi ataanguka au atakosa pumzi. Hizi za mwisho hazitaondolewa na kanuni zilizofungiwa katika kabati la mwenye jengo. Zitaondolewa na sentensi chache za Kiswahili chepesi, zilizobandikwa kwenye ukuta wa lifti, usawa wa macho, karibu na vitufe.

Kazi ya kuziandika si ya mafundi peke yao. Idara za lugha za vyuo vya Goma zina wanafunzi wanaotafuta mada za mazoezi ya tafsiri na istilahi kila mwaka. Kibao kimoja cha lifti, kikiandikwa kwa makini na kujaribiwa kwa wasomaji wa kweli kabla ya kubandikwa, kinatosha kuwa mwanzo.